Bolti Sita za Kijerumani

Jumatatu, 7 Septemba 2009

Mke wangu Hidaya anasema nikifunga siongei, nanguruma. Leo asubuhi kaniwekea daftari hili mezani. "Baba Tasnim, ngurumia humu, utuachie nyumba." Haya, nanguruma.

Mvua tangu alfajiri. Gereji yetu iko Anderlecht, nyuma kidogo ya stesheni ya Gare du Midi, na paa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Rigobert kaweka ndoo chini ya tone, kisha kaibandika karatasi: USISOGEZE. Ndoo! Huyo ndiye bosi wangu. Mtu wa Lubumbashi, miaka thelathini na minne, ufundi kausomea darasani hapahapa Brussels, na hawezi kugusa nati kabla hajasoma ukurasa. Ana spana ya kupimia, ile inayolia "tak" nguvu ya kukaza ikifika kipimo, na anailaza kwenye sanduku lenye kitambaa. Mimi nina hamsini na moja. Ufundi nimeupata Buyenzi, Bujumbura, chini ya magari yaliyokwisha kufa mara tatu, na kipimo changu ni mkono huu.

Mchana kaja Mujinga. Huyo sasa ndiye mteja! Binti mzaliwa wa Likasi, miaka ishirini na tisa, mlinzi kwenye jengo la ofisi kule Schuman. Wiki nzima anasimama mlangoni, Jumapili anavua sare anakwenda kushindana kupanda vilima huko Wallonia, gari moja moja, nani atafika juu kwa muda mfupi zaidi. Ana BMW ya mwaka 1998 anayoipenda kuliko mchumba yeyote niliyewahi kumwona naye. Kaja na orodha: klachi nzito zaidi, gurudumu jepesi la nyuma ya injini, difu ya kujifunga, na shafti ya kati yenye nguvu, ile ndefu inayotoka kwenye giaboksi kupeleka mzunguko nyuma.

"Nguvu iko, papa Sultani," kanambia. "Lakini inapotelea mu njia. Mi nataka ifike yote ku mapine."

Mapine, yaani magurudumu. Rigobert akaanza kuandika. Mujinga akanivuta pembeni. "Yeye asome vitabu yake. Lakini mukono, nataka ya wewe."

Nilinguruma kidogo, asijue nimefurahi.

Alhamisi, 10 Septemba

Mvua. Rigobert kanisahihisha mbele ya mteja. Njaa. Basi.

Jumapili, 20 Septemba

Idi. Hidaya kapika pilau ya kulisha mtaa, na Mujinga kaja moja kwa moja kutoka kanisani na viatu virefu, kala sahani tatu. Binti yetu Tasnim kamuuliza, dada, kwa nini unakimbiza magari, huogopi kufa?

Mujinga akafuta vidole taratibu. "Ku kazi, batu elfu moja banapita mbele yangu kila siku. Hakuna hata mumoja ananiona. Mi ni mulango. Lakini kule kwa kilima, dakika mbili, batu bote banasimama kuangalia mimi." Akacheka. "Dakika mbili tu, mutoto. Inanitosha wiki muzima."

Hidaya akamwongezea nyama. Mimi nikatoka nje kibarazani kwa kisingizio cha simu. Nampenda mtoto huyu, kwa nini nisiseme? Sina mwingine anayeniambia anataka mkono wangu.

Jumanne, 29 Septemba

Vifaa vimefika, masanduku manne. Klachi safi kabisa. Difu nzito mpaka tumeibeba wawili. Shafti imenyooka, imepakwa rangi nyeusi. Na kifuko cha nailoni chenye bolti sita mpya za kuifungia mbele. Nikazimimina kiganjani. Hazina chapa. Kichwa kitupu, kinang'aa, hata herufi moja hakuna.

"Hizi za wapi?"

"Zimekuja na shafti," akasema Rigobert. "Na ni lazima hizo, papa Sultani. Bon, iko hivi: bolti ya aina hii ukiikaza inavutika, kama mpira wa kaptula. Ndiyo inavyoshika. Ukiitoa ukairudisha, haishiki tena. Donc ile ya zamani tunatupa."

Kutupa! Zile za zamani zilikuwa zimekaa kwenye gari lile miaka kumi na moja, zina chapa ya kiwanda, za Kijerumani, asilia. Buyenzi mtu akikuletea bolti mpya inayong'aa unamuuliza umeiokota wapi. Tulikuwa na makopo ya bolti zilizotoka kwenye injini za Ulaya, na mteja mwenye akili alilipa zaidi apate moja ya kopo lile, kuukuu, nyeusi, kuliko kumi za pakiti. Zile za pakiti zilikatika kama biskuti. Nimeona basi la watu limelala ubavu njia ya Rumonge kwa ajili ya bolti mpya. Mimi niliwatoa watu mle. Rigobert hajatoa mtu popote.

Sikubishana. Yeye ndiye bosi.

Jumatatu, 5 Oktoba

Tumeshusha giaboksi. Mgongo.

Alhamisi, 8 Oktoba

Klachi imeingia. Lazima niseme ukweli, Rigobert anapanga vizuri. Kila kitu kwenye trei, na namba. Lakini jamani, polepole! Tungekuwa Buyenzi wenye gari wangekwisha kuzeeka.

Jumatatu, 12 Oktoba

Difu imeingia. Mvua, tena. Paa.

Jumatano, 14 Oktoba

Leo tumefunga shafti. Rigobert alilala chini ya gari na spana yake, mimi nikishika taa. Tak. Tak. Sita. Kila moja akaichora mstari mweupe wa rangi, ili ikilegea ionekane. Akaandika kwenye karatasi ya kazi, akasaini, akaenda kula.

Nilibaki naziangalia bolti zile zisizo na jina. Nikamfikiria Mujinga na gari lile linavyoruka likiachiwa, na sasa lina klachi ya kuuma na difu isiyosamehe. Nguvu yote inapita pale, kwenye bolti sita ambazo hata aliyezitengeneza hakutaka kujulikana.

Nikazitoa. Nikazirudisha za Kijerumani, nimezisafisha kwa burashi na petroli mpaka zimetakata, nati zake zilezile. Nikazikaza kwa mkono, kwa uzito wa bega, kama nilivyokaza maisha yangu yote. Halafu nikazichora mstari mweupe kwa rangi ileile. Rigobert aliporudi nilikuwa nanawa. Sikumwambia. Angeanza na mpira wake wa kaptula.

Nalala na roho safi. Mujinga alitaka mkono wangu, kaupata.

Ijumaa, 16 Oktoba

Tumemkabidhi. Alizunguka mitaa miwili, akarudi anapiga honi, akaruka nje akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Papa! Inafika yote! Inafika yote ku mapine!" Rigobert akamkumbusha mambo manne ya kuchunga, kwa mpangilio. Mujinga akamsikiliza kwa sikio moja.

Jumanne, 20 Oktoba

Baridi. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 25 Oktoba

Siandiki vizuri. Nitaandika hivyohivyo.

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma. Mchana Mujinga alipiga simu kutoka huko kilimani, shindano la mwisho la mwaka, sauti imemkauka. Wa tatu! Wa tatu kati ya ishirini na saba. "Papa, bote basimama!" Nilimwambia, rudi polepole, mama, kuna mvua. Akasema sawa papa.

Saa kumi na moja jioni Hidaya akapiga. Alikuwa zamu hospitalini Jette, anakofanya kazi ya uuguzi. Hakusema habari. Alisema, "Njoo. Ni Mujinga. Yuko hai."

Mujinga alikuwa kwenye barabara ya mzunguko, dakika tano kutoka Jette, anarudi nyumbani kama raia yeyote, kilomita mia kwa saa. Shafti ya kati ilichomoka upande wa mbele. Ikiwa imechomoka upande mmoja na ule mwingine bado unazungushwa, chuma kile kinapiga. Kilipasua sakafu kando ya mguu wake wa kulia. Gari likagonga ukingo, likazunguka mara mbili, likasimama. Hakuna aliyemgonga. Polisi anasema ni muujiza, na sikumpiga.

Mguu wamekata, chini ya goti.

Rigobert alifika kabla yangu. Alikuwa amesimama kwenye korido bado na ovaroli, mikono ameinyoosha mbali na mwili kama mtu aliyeshika kitu kichafu. "Shafti," aliniambia. "Banasema ni shafti, papa Sultani. Upande wa mbele."

Nikasema, "Pole."

Nimerudi na tramu. Nimesali. Bolti za asili hazilegei. Lazima ni kitu kingine. Shafti yenyewe, labda ilikuwa na ufa. Vifaa hivi vya siku hizi.

Jumanne, 27 Oktoba

Ni shafti yenyewe, nina hakika.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nimemwona. Amekuwa mdogo kitandani. Hidaya ndiye anayemuosha asubuhi, kwa kuwa ni wodi yake. Mujinga alishika mkono wangu akauweka shavuni. "Wewe unisamehe, papa. Ulifanya kazi muzuri, nimeiharibu." Alidhani ni yeye! Alidhani aliiendesha vibaya.

Nilimwambia si yeye. Hilo nililisema.

Ijumaa, 6 Novemba

Mtaalamu wa bima kaja gerejini na mkoba na kamera. Gari amelikagua kwenye uwanja wa polisi. Shafti haina ufa. Ilipinda kwa kupiga, lakini haina ufa. Matundu ya bolti ni mazima. Bolti zenyewe hakuna hata moja, zimetawanyika kilomita kadhaa kwenye mvua na malori yamepita juu yake. Maoni yake ni kwamba hazikukazwa.

Akaomba karatasi ya kazi. Saini ya Rigobert.

"Nilikaza," alisema Rigobert. "Nilisikia tak. Mara sita."

"Una hakika na zote sita, bwana?"

Rigobert alitazama saini yake. Akanigeukia. "Papa Sultani, wewe ulikuwa unashika taa. Nilikaza zote?"

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilifuta vidole vilivyokuwa vimekwisha kuwa safi. Nikasema, "Mimi nilikuwa naangalia upande wa difu."

Nimeandika maneno yangu kama yalivyotoka. Yasomeke.

Jumatatu, 9 Novemba

Kuna BMW nyingine ya umri uleule uani, ya kuchinjwa kwa vipuri. Nimetoa bolti moja ya shafti yake, ya Kijerumani, chapa safi. Nimeipima na moja ya zile mpya, ambazo zimekaa mfukoni mwa koti langu tangu Oktoba. Zilitakiwa kuwa sawa. Ya zamani ni ndefu zaidi, unene wa karatasi mbili. Imevutika.

Nimepima mara nne.

Basi ni mimi. Nimeukata mguu wa mtoto wa watu kwa mkono wangu na kwa bega langu, huku namwombea Mungu. Astaghfirullah. Astaghfirullah.

Jumanne, 10 Novemba

Nitasema kesho.

Jumatano, 11 Novemba

Sikukuu yao, gereji imefungwa.

Alhamisi, 12 Novemba

Rigobert anawapigia simu wateja wote wa tangu Agosti. Waje, bure, wakaguliwe. Amesimamisha magari foleni mpaka barabarani. Anakaza magurudumu, anasogea hatua mbili, anarudi, anakaza tena. Muuguzi mmoja wa Kikongo alimuuliza kwa adabu, tonton, si umekaza sasa hivi? Akasema, "Sijui, maman. Ndiyo maana nakaza."

Nilikuwa namdharau kwa sababu hakuamini mkono. Sasa hauamini kabisa, na mimi ndiye niliyemharibu.

Jumatatu, 16 Novemba

Mvua. Nampelekea Mujinga uji wa ulezi kila jioni. Anakunywa wote.

Alhamisi, 19 Novemba

Rigobert wakati wa chakula, bila kuulizwa: "Siku ile mama yangu alipiga simu kutoka Lubumbashi. Asubuhi. Aliniambia habari ya shamba. Labda nilikuwa nawaza shamba. Mi nilikuwa nakumbuka tak sita. Sasa nakumbuka tano. Jana nilikumbuka ine."

Nilikuwa na mkate mdomoni. Ungeniambia niuteme au niumeze nisingejua.

"Kula, Rigobert," nilisema.

Jumanne, 24 Novemba

Nilikuwa kando ya kitanda alipoingia Rigobert na maua. Ni mara ya tatu anakuja, na mara ya kwanza anafika ndani. Mujinga hakumpa nafasi ya kuketi.

"Wewe! Mutu wa vitabu! Kitabu yako ilisema nini juu ya mukulu yangu?" Akatupa shuka, akamwonyesha mguu uliokatwa. "Angalia! Usiangalie chini, angalia huku! Mulango hauhitaji mukulu mbili, eeh? Batanirudisha pale mlangoni na kiti!"

Rigobert aliangalia. Aliangalia alipoambiwa aangalie. Kisha akaweka maua juu ya redieta, akasema, "Uko na haki, Mujinga," akatoka.

Mujinga alilia akinishika mkono. "Angalau wewe uko, papa." Nilimpa uji.

Sijawahi kujichukia hivi. Nilikimbia vita Bujumbura na watoto migongoni sikujichukia hivi.

Ijumaa, 27 Novemba

Idi kubwa. Sikwenda kwa mtu. Nimemwambia Hidaya naumwa mgongo.

Jumatano, 2 Desemba

Barua ya bima. Rigobert atie saini taarifa kamili si zaidi ya Jumatatu tarehe 21. Akikiri kosa lake, Mujinga atalipwa upesi, na Rigobert atapoteza leseni ya gereji. Asipokiri, ni mahakama, miaka.

"Nitasaini," alisema. "Yeye asingojee."

Jumatano, 9 Desemba

Nimemwambia Hidaya. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Nilianza na mpira wa kaptula nikamaliza na taa. Alizima pasi, akaisimamisha.

"Mimi ndiye ninayemfunga kile kidonda," alisema. "Kila asubuhi. Ananisimulia wewe ulivyo mwema. Na mimi namwitikia."

"Mama Tasnim..."

"Ulidhani unamlinda, naelewa. Hilo Mungu atalipima. Lakini wiki sita hizi ulikuwa unamlinda nani?" Akakunja sare. "Nitaendelea kumuosha, ni kazi yangu. Wewe chukua blanketi ulale sebuleni. Siku utakayosema, urudi."

Alhamisi, 10 Desemba

Sebuleni.

Jumatatu, 14 Desemba

Nilikwenda gerejini kusema. Nilikuta Rigobert ametoa vifaa vyake vyote, amevipanga sakafuni, mtu wa Charleroi anavichagua. Anauza. Ile spana ya kupimia ameiuza kwanza. Nikamwambia, ngoja kidogo, labda mambo yatabadilika. Akasema, "Papa Sultani, wewe ni mutu ya huruma. Lakini mukono uliosahau mara moja, mi siutaki tena chini ya gari ya mutu."

Nilimsaidia yule mtu wa Charleroi kupakia.

Alhamisi, 17 Desemba

Theluji, nyingi. Magari hayatembei.

Ijumaa, 18 Desemba

Nimetoka msikitini nikaenda Jette kwa miguu tangu Simonis, tramu zilikuwa zimekwama. Nilifika saa tisa. Mujinga alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, na mguu wa bandia wa mazoezi umesimama kando yake na kiatu. Nilikuwa nimebeba uji kwa mazoea. Niliuweka chini.

Nikamwambia, "Mwanangu, usiseme kitu mpaka nimalize."

Nilimaliza. Nilisema bolti, nilisema rangi nyeupe, nilisema mtaalamu alipokuja na Rigobert aliponiuliza na mimi nilivyojibu. Sikuweka Buyenzi, sikuweka basi la Rumonge. Nilikuwa nimeyaandaa yale, njiani nikaona ni ya kujitetea.

Alinitazama. Sikujua macho yale yanaweza kunitazama hivyo.

"Uji yako," alisema, "nilikunywa yote."

"Ndiyo."

"Kila siku. Na mi nakushika mukono nakuambia Rigobert ni mutu mubaya." Akashika magurudumu ya kiti chake. "Bolti, papa, bon. Bolti ni kosa. Mutu anaweza kukosa. Lakini ulikuwa unakaa hapa! Hapa! Unakoroga sukari!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite vile."

Muuguzi alichungulia, akaondoka. Nje watoto walikuwa wanarushiana theluji kwenye maegesho.

"Alikuja mara ngapi?" aliuliza.

"Rigobert? Mara tano. Mara nne hakufika chumbani."

"Mupigie. Weka sauti, nisikie."

Nilipiga. Rigobert alipokea palepale, siku hizi anapokea palepale, anaogopa ni ajali nyingine.

"Rigobert. Ni mimi. Ulikaza. Zote sita, nilisikia tak sita. Wewe ulikwenda kula, nikazitoa, nikaweka zile za zamani. Hukukosea kitu. Ni mimi."

Halafu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka.

"Aksanti, papa Sultani. Najua kwa nini unafanya ivi. Wewe uko na umri, unasema bakufunge wewe kuliko mimi. Mungu akubariki. Lakini usibebe ya mwenzako. Mi najua mwenyewe. Jumatatu nasaini."

Akakata.

Niliangalia simu. Sikuwa nimefikiria hilo. Katika wiki zote zile nilimwogopa akinitukana, nilimwogopa akinipiga, nilijiandaa kwa polisi. Sikufikiria kwamba nitasema kweli na asinisadiki.

Mujinga akaninyang'anya simu, akapiga mwenyewe. "Rigobert, ni Mujinga. Kuya. Hapana, si kwa kukugombeza. Kuya sasa, hata na miguu." Akaweka simu mapajani. Kisha akanionyesha kwa kidole kiti cha plastiki kilichokuwa mlangoni, mbali na kitanda. "Kaa pale. Utamwambia mbele yangu. Jumatatu utawaambia babo ba bima, utaandika, utasaini. Kisha sitaki kukuona tena. Lakini leo utakaa."

Nilikaa. Aligeuka dirishani. Uji ulipoa.

Rigobert alifika baada ya saa moja na nusu, suruali imelowa mpaka magotini. Alisimama karibu na ukuta, hakuthubutu kuvuka katikati ya chumba. Nikasimama nikamwambia, tangu bolti ya kwanza. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mzee anayeongea kwa homa.

Mujinga akasema, "Tena."

Nikasema tena. Nikamwambia rangi niliichovya kwa kijiti gani. Nikamwambia yeye alikula nini siku ile, kwa kuwa alirudi na harufu ya vitunguu. Nikatoa mfukoni zile sita zisizo na jina, nikazishika kiganjani. Alizisogelea. Alizigusa moja moja kwa ncha ya kidole, akazihesabu kwa Kifaransa, akaanza upya, akahesabu. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha Mujinga. Mujinga akasogeza shuka apate nafasi.

"Na ya sita?" aliniuliza, sauti ndogo. "Papa Sultani, una hakika? Ile ya sita, ya juu, ile ngumu kufika. Niliikaza?"

"Uliikaza."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Aliangalia mikono yake. Aliigeuza, akaangalia viganja. Hakuwa amesadiki bado, nilimwona, alitaka kusadiki na hakuweza.

"Sema tena," alisema.

Nikaanza tena, tangu bolti ya kwanza.